Ghadhabu Yenye Kiitikio

Panki ya hadikoo iliposhika kasi kusini mwa California mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilijulikana kwa ukali: gitaa zinazonguruma, dramu za mbio, mwimbaji anayefoka kuliko anavyoimba. Wapo wanaoshikilia hadi leo kwamba aliyeutia muziki huo mahadhi matamu aliuhasi. Historia haiwaungi mkono. Mwaka 1982 bendi ya Descendents ilitoa albamu ya Milo Goes to College, nyimbo 15 ndani ya dakika zipatazo 22, zenye ghadhabu yote ya ujana na bado zinaimbika. Mpiga dramu wao, Bill Stevenson, alipigia pia Black Flag, bendi ambayo hakuna aliyethubutu kuiita laini. Wimbo wa dakika moja na nusu hauna muda wa kujieleza. Usiponasa sikioni mara ya kwanza, umekwenda. Mahadhi ndiyo yaliyoubakiza kichwani, na aliyekwisha kuushika hakuwa tena mtazamaji wa hasira ya mwenzake: aliiimba kama yake.

Bad Religion ya Los Angeles inathibitisha jambo hilo kwa njia ya kosa. Mwaka 1983 walitoa Into the Unknown, albamu ya vinanda na mwendo wa taratibu, na mashabiki wakaikataa. Utamu bila kasi haukumvuta mtu. Waliporudi na Suffer mwaka 1988, mbio zilikuwa zilezile za hadikoo, ila juu yake sauti ziliitikiana kama kwaya. Maneno ya Greg Graffin na Brett Gurewitz wa bendi hiyo yalikuwa mazito, mengine ya darasani kabisa (Graffin baadaye alipata shahada ya uzamivu Cornell), lakini kiitikio kiliyafikisha midomoni mwa vijana.

Itasemwa: pesa je? Kweli, mwaka 1994 Smash ya The Offspring, iliyotolewa na Epitaph, kampuni ya Gurewitz, iliuzwa kwa mamilioni, na waigaji wengi wakachukua kiitikio wakayaacha makali. Lakini chanzo hakiwezi kuja baada ya tokeo. Bendi ya Dag Nasty ilirekodi albamu ya Can I Say kwa Dischord, kampuni ya Washington, ikatoka 1986, na Dischord haikuwa mahali pa kutafutia utajiri. Mpiga gitaa wao, Brian Baker, alitoka Minor Threat, kitovu chenyewe cha ukali. Gurewitz alipojiondoa Bad Religion mwaka huohuo wa 1994, aliyeingia kushika gitaa alikuwa Baker.