Binti wa Kisabengo

Katika milima ya Uluguru mtoto wa mtawala hakulelewa ili arithi kiti cha babaye. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwa hiyo aliyetazamiwa kumfuata mtawala ni mpwawe, mwana wa dada yake.

Lakini chini ya milima hiyo, ulipo sasa mji wa Morogoro, twaona habari nyingine. Kisabengo, Mzigua aliyejenga mji wa Simbamwene na kuuzungushia ukuta wa mawe, alipokufa, binti yake ndiye aliyeshika utawala.

Kazi aliyoachiwa haikuwa ndogo: kuulinda mji, na kutoza hongo misafara ipitayo baina ya pwani na Unyamwezi. Mwaka 1871 alimdai Stanley. Stanley akakataa, akisema msafara wake uliotangulia ulikwisha kulipa. Baadaye askari zake walipofika mjini, yule bibi akawafunga, akatwaa bunduki zao.

Mwaka 1872 mafuriko yalibomoa sehemu ya ukuta ule. Basi twatambua: ukuta aliachiwa na babaye, lakini heshima ya wapita njia ilimpasa kuidai mwenyewe, kila msafara ulipofika.