Kichwa chini ya maji

"The Deadly Assassin," hadithi ya sehemu nne katika mfululizo wa televisheni wa Doctor Who, ilianza kurushwa na BBC nchini Uingereza Oktoba 30, 1976. Sehemu ya tatu iliishia kwenye picha iliyogandishwa: kichwa cha Daktari, mhusika mkuu aliyeigizwa na Tom Baker, kimekandamizwa chini ya maji. Watoto wakaachwa nayo wiki nzima. Mary Whitehouse, kiongozi wa chama cha watazamaji waliopigania maadili kwenye televisheni, alikuja juu. BBC ikaomba radhi na mkanda ukakatwa.

Wapenzi wa mfululizo nao walinung'unika, ila kwa sababu nyingine kabisa. Mabwana wa Wakati, jamii anayotoka Daktari, waliodhaniwa kuwa nusu miungu, mwandishi Robert Holmes aliwageuza vizee wenye majoho mazito, fitina na urasimu. Jarida la chama cha wapenzi hao, kilichokuwa bado kichanga, liliiponda hadithi bila huruma. Ajabu ni kwamba mengi yaliyowaudhi, pamoja na kanuni ya Mabwana hao kujigeuza mwili mara 12 tu, ndiyo yaliyojengewa hadithi za baadaye, na leo wengi huihesabu miongoni mwa kazi bora za enzi ya Baker.