Askofu wa Beira na Amani ya Msumbiji

Mkataba uliomaliza vita kati ya serikali ya Frelimo na waasi wa Renamo ulitiwa saini mjini Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Vita hivyo vilikuwa vimedumu miaka 15 na zaidi, na inakadiriwa kuwa watu wapatao milioni moja walipoteza maisha kwa risasi, njaa na maradhi. Miongoni mwa wapatanishi wanne alikuwamo Jaime Gonçalves, Askofu Mkuu wa Beira.

Kanisa Katoliki halikuingia katika kazi hiyo likiwa na sifa njema machoni pa watawala. Wakati wa ukoloni lilikuwa mshirika wa Ureno, na baada ya uhuru wa 1975 Frelimo ilitaifisha shule na hospitali zake. Katika miaka ya 1980 maaskofu walipohimiza mazungumzo kwa barua zao za kichungaji, serikali ilikasirika: ilikuwa ikiwaita Renamo majambazi, na jambazi hajadiliwi. Aliyesaidia kulegeza uhasama huo hakutarajiwa. Jumuiya ya Sant'Egidio, chama cha walei Wakatoliki cha Roma, ilimkutanisha Gonçalves na Enrico Berlinguer, kiongozi wa Chama cha Kikomunisti cha Italia, kwa kuwa neno la mkomunisti lilisikika Maputo kuliko la askofu.

Kwa upande wa waasi njia ilikuwa fupi zaidi. Gonçalves alikuwa Mndau, sawa na kiongozi wao Afonso Dhlakama, na mwaka 1988 alipelekwa kwa siri hadi Gorongosa, ngome ya waasi, kuonana naye. Wawili hao waliweza kuzungumza kwa lugha ya nyumbani, bila mkalimani. Mwaka uliofuata viongozi wa makanisa, Wakatoliki na Waanglikana, walikutana na Renamo Nairobi.

Kikwazo kilichofuata kilikuwa cha majirani. Renamo ilitaka Kenya isuluhishe; serikali ikataka Zimbabwe, ambayo askari wake walikuwa wakipigana upande wa serikali hiyo. Pande hizo mbili zilikutana uso kwa uso Julai 1990, katika nyumba ya zamani ya watawa mtaani Trastevere mjini Roma, makao ya Sant'Egidio. Armando Guebuza aliongoza ujumbe wa serikali, Raul Domingos wa Renamo. Gonçalves, Andrea Riccardi na padri Matteo Zuppi wa Sant'Egidio, pamoja na Mario Raffaelli aliyewakilisha serikali ya Italia, walikuwapo kama watazamaji tu. Ugomvi wa nani asuluhishe ulipokosa jibu, watazamaji hao wakafanywa wapatanishi. Hawakuwa na jeshi wala mpaka na Msumbiji, na hapo hasa ndipo palipokuwa na nguvu yao: hakuna upande uliohofia kwamba wangefaidika na matokeo.

Hata hivyo, si haki kuandika kana kwamba sala na subira vilitosha. Mazungumzo yalichukua miezi 27, yakikwama mara kwa mara. Ukame mkali wa 1992 uliwabana wapiganaji kama ulivyowabana wakulima, na kumalizika kwa Vita Baridi na kulegea kwa ubaguzi wa rangi Afrika Kusini kulikausha misaada ya kijeshi. Fedha nazo zilihitajika. Umoja wa Mataifa ulianzisha mfuko maalumu wa kuigeuza Renamo kuwa chama cha siasa, Italia ikiwa mchangiaji mkubwa, na ukatuma askari zaidi ya 6,000 kusimamia mkataba. Askofu asingeweza kuahidi lolote kati ya hayo.

Rais Joaquim Chissano na Dhlakama ndio waliotia saini. Uchaguzi ulifanyika Oktoba 1994. Frelimo ilishinda na Renamo ikaingia bungeni. Mapigano yalirejea 2013, Gonçalves akafariki 2016, na makubaliano mapya yakatiwa saini Maputo Agosti 2019. Safari hiyo aliyeongoza usuluhishi alikuwa balozi wa Uswisi.