Stevenson, Ali na pambano lisilopiganwa

Julai hii inatimia miaka 50 tangu Michezo ya Olimpiki ya Montreal, ile ambayo Tanzania, Kenya na nchi nyingine nyingi za Afrika ziliisusia kwa sababu New Zealand ilipeleka timu yake ya raga kwa makaburu wa Afrika Kusini. Filbert Bayi alikosa mbio zake na John Walker, na habari hiyo tumeisimulia mpaka imechuja. Yaliyotokea ulingoni wakati sisi hatupo yanasimuliwa kidogo, ingawa ndiyo yaliyozaa ubishi mkubwa kuliko wote katika ngumi za uzito wa juu.

Tarehe 31 Julai 1976, Mromania Mircea Șimon alitumia raundi mbili za fainali kumkwepa Teófilo Stevenson wa Kuba. Katika ya tatu konde la kulia likamfikia, na kona yake ikatupa taulo. Stevenson akachukua dhahabu ya pili. Wapenzi wa ngumi wakaanza kuulizana, na hawajaacha hadi leo: je, huyu angemweza Muhammad Ali?

Stevenson alizaliwa Puerto Padre mwaka 1952, mtoto wa mhamiaji kutoka kisiwa cha Saint Vincent. Alipokuwa na miaka kumi Fidel Castro alipiga marufuku ngumi za kulipwa. Akakulia katika ngumi za ridhaa chini ya kocha Alcides Sagarra.

Jina lake lilijengwa na Mmarekani mmoja, Duane Bobick, baharia wa jeshi la majini kutoka Minnesota. Mwaka 1971, katika Michezo ya Mataifa ya Amerika mjini Cali, Bobick alimshinda Stevenson. Alipofika Olimpiki ya Munich mwaka uliofuata, Wamarekani walimwona kama mrithi wa Joe Frazier na George Foreman, waliotwaa dhahabu mwaka 1964 na 1968 kisha wakawa mabingwa wa dunia. Bobick na Stevenson wakakutana katika robo fainali. Mpaka raundi ya pili pambano lilikuwa halijaamuliwa. Ya tatu ilikuwa maangamizi: Bobick alikwenda chini mara tatu, mwamuzi akasimamisha. Fainali hata haikupigwa, maana Ion Alexe wa Romania alikuwa ameumia mkono.

Bobick hakurudi baharini kulia. Aligeukia ngumi za kulipwa, Frazier mwenyewe akawa meneja wake, na mapambano 38 yakapita bila kupoteza hata moja. Ukisoma rekodi hiyo peke yake utasema: kumbe Stevenson alimpiga bingwa mtarajiwa. Tarehe 11 Mei 1977, ndani ya Madison Square Garden, Ken Norton akamwangusha kwa sekunde 58. Mapambano 38 yalikuwa yamechaguliwa kwa uangalifu, kama kawaida ya mapromota duniani kote, hapa kwetu pia. Hivyo ushindi wa Munich, uliomfanya Stevenson aitwe Ali wa Kuba, ulikuwa dhidi ya mtu ambaye viwango vyake vya kulipwa viligeuka kuwa povu.

Hapo ndipo wapinzani wa Stevenson huishia. Mimi nadhani wanaishia mapema. Katika nusu fainali ya Montreal alimlaza John Tate kwa KO raundi ya kwanza. Tate huyohuyo, Oktoba 1979 mjini Pretoria, alimshinda Gerrie Coetzee na kuvaa mkanda wa WBA. Hakuukalia, Mike Weaver alimnyang'anya miezi mitano baadaye, lakini bingwa wa dunia alikuwa. Na kuna Leon Spinks, aliyetwaa dhahabu Montreal katika uzito ulio chini ya wa Stevenson. Februari 1978, akiwa amepigana mapambano saba tu ya kulipwa, Spinks alimshinda Ali kwa pointi katika raundi 15.

Upande wa pili nao una vielelezo. Msovieti Igor Vysotsky alimpiga Stevenson mara mbili, mara ya pili kwa KO mwaka 1976, na hakuwahi kupelekwa Olimpiki. Mwaka 1982 Mwitaliano Francesco Damiani alimtoa katika mashindano ya dunia. Baadaye Damiani akawa bingwa wa WBO. Medali kwa kweli ni kipimo kibovu. Buster Mathis alimshinda Frazier katika mchujo wa mwaka 1964, akaumia, Frazier akaenda Tokyo badala yake. Walipokutana kwenye ngumi za kulipwa Mathis alikwisha raundi ya 11. Mike Tyson hakufika kabisa Olimpiki ya 1984, na Tyrell Biggs aliyetoka huko na dhahabu ya uzito wa juu zaidi alichakazwa na Tyson raundi saba. Ridhaa ni dakika tisa. Mkanda wa enzi za Ali ulidai dakika 45, na pumzi ya dakika ya arobaini haipimwi kwa dakika ya tisa.

Mapromota walimpa Stevenson ahadi za dola milioni moja na zaidi. Alikataa, akisema fedha hizo si kitu mbele ya mapenzi ya Wakuba milioni nane.

Mwaka 1980 hatima za Ali na Stevenson ziligusa Dar es Salaam. Februari, Rais Jimmy Carter alimtuma Ali kuzishawishi nchi za Afrika zisusie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakukubali hata kuonana naye, na waandishi wetu walimuuliza Marekani ilikuwa wapi Afrika iliposusia Montreal. Ali alikiri kwamba hakuwa akilijua jambo hilo. Tanzania ilikwenda Moscow. Bayi na Suleiman Nyambui wakaleta fedha mbili, na mpaka leo hatuna medali nyingine ya Olimpiki. Ngumi zetu hazijawahi kuleta hata moja, jambo ambalo wasimamizi wa ridhaa hawaoni haya kulinyamazia huku vijana wakikimbilia mapambano ya kulipwa kabla hawajajua kukunja ngumi.

Stevenson alitwaa dhahabu ya tatu hukohuko Moscow, kwa pointi safari hii. Kuba ikasusia 1984 na 1988, naye akastaafu. Ali alimtembelea Havana mwaka 1996. Stevenson alifariki Juni 2012 akiwa na miaka 60, na mwaka 2022 Kuba ikaruhusu mabondia wake kupigania fedha.

Uamuzi wangu ni huu. Ali wa Kinshasa 1974, aliyemmaliza Foreman aliyekuwa na ushindi 40 bila kushindwa, angembebesha Stevenson raundi nyingi asizozizoea na kumpiga baada ya ile ya kumi. Ali wa 1978, aliyepigwa na Spinks, asingetoka salama mbele ya konde lile la kulia.