Sponsian: kaisari aliyefufuliwa na mikwaruzo?

Pitia vitabu vya wanahistoria wa kale wa Roma, kimoja baada ya kingine, umtafute kaisari anayeitwa Sponsian. Humpati. Kinachomtaja ni sarafu chache tu za dhahabu, na kwa muda mrefu wataalamu walisema hizo nazo ni feki. Sasa swali: sarafu peke yake inaweza kuthibitisha kwamba mtu fulani aliwahi kutawala?

Tuanze mwaka 1713. Huko Vienna, Carl Gustav Heraeus, aliyesimamia mkusanyo wa sarafu wa familia ya kifalme, aliandika kwamba amepokea sarafu nane zilizochimbuliwa Transylvania, katika Romania ya leo. Nyingine kutoka kundi hilohilo zilitawanyika. Moja ya Sponsian ipo mjini Sibiu, Romania. Nyingine iliangukia mikononi mwa William Hunter, daktari Mskoti aliyekuwa na uchu mkubwa wa kukusanya sarafu. Alipofariki mwaka 1783, aliuachia Chuo Kikuu cha Glasgow mkusanyo wake.

Mwaka 1868, mtaalamu Mfaransa Henry Cohen aliziona sarafu hizi kuwa za kughushi, tena kazi mbovu. Na kusema kweli alikuwa na sababu. Warumi walizoea kuweka kipande cha chuma kati ya mihuri miwili na kukigonga kwa nyundo; hizi zilimiminwa kwenye kalibu. Upande mmoja una kichwa cha Sponsian, lakini upande wa pili unaiga sarafu ya fedha ya mwaka 135 KK. Hiyo ni tofauti ya karibu miaka 400! Basi zikawekwa kando, zikasahaulika.

Zikarudi kwenye habari Novemba 2022. Timu iliyoongozwa na Paul Pearson wa University College London ilizipima sarafu nne za Glasgow kwa hadubini ya kawaida, hadubini ya elektroni na miale ya urujuanimno. Kumbe zina mikwaruzo midogo mingi, inayofanana na ya sarafu halali zilizopita mikono mingi. Juu ya mikwaruzo hiyo kuna tabaka la udongo lililogandishwa na madini ya silika, dalili ya kukaa ardhini muda mrefu.

Angalia mpangilio huo, kwa sababu ndio kiini cha hoja: kwanza zilitumika, kisha zikafukiwa, ndipo zikachimbuliwa. Pearson na wenzake wakapendekeza kwamba Sponsian alikuwa kamanda wa jeshi katika jimbo la Dacia miaka ya 260, wakati himaya ilipokuwa ikisambaratika. Akiwa amekatwa mawasiliano na Roma, alitengeneza pesa zake kwa dhahabu ya machimbo ya hapohapo ili mambo yaendelee.

Hadithi tamu, au sio? Lakini wataalamu wengi wa sarafu hawajakubali. Wanasema mchoro na maandishi bado hayaelezeki, na mtu anayejua kughushi anajua pia kukwaruza na kupaka udongo. Tena hata kama sarafu ni ya kale, hiyo haithibitishi cheo cha aliyechorwa juu yake.

Kwa nini ubishi hauishi? Wakusanyaji wa enzi hizo walithamini sura na dhahabu. Shimo zilimotoka, vyungu vilivyokuwa kando yake, kina cha udongo, hakuna aliyeviandika kwa undani. Mwanaakiolojia angekuwa na ramani na picha za vyote hivyo. Sisi tumebaki na maelezo mafupi ya Heraeus na uchafu kidogo.

Naam, uchafu. Mtu angezisugua sarafu hizi miaka 200 iliyopita ili zing'ae, leo tusingekuwa na cha kupima kabisa. Sarafu za Roma zinauzwa kila siku duniani, nyingi zikiwa zimesafishwa na bila maelezo ya zilikotoka. Bei ya sarafu inaweza kupanda kwa kung'aa, lakini historia yake inafutwa na kitambaa hichohicho. Kwa hiyo ukikutana na sarafu ya kale ardhini, iache ilipo, piga picha, na uwaarifu watu wa mambo ya kale. Usiisugue.