Baiskeli ya Kaboni Kutoka Duka la Mtandaoni: Piga Hesabu Kabla ya Kulipa

Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali mwezi Septemba 2025, ikiwa ni mara ya kwanza kuletwa Afrika. Tour du Rwanda nayo huwavuta waendeshaji wa kimataifa, na vilabu vya mchezo huu vipo Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa mfanyabiashara wa mpakani, baiskeli ya mashindano yenye fremu ya kaboni ni bidhaa yenye mnunuzi wake. Lakini ni bidhaa ghali, na oda moja isiyopigiwa hesabu inaweza kumeza faida ya miezi.

Maduka ya mtandaoni ya Ujerumani, Uingereza, Ufaransa na Uchina yanauza baiskeli hizi moja kwa moja kwa mteja. Kampuni ya Canyon ya mjini Koblenz, Ujerumani, imejijenga kwa mtindo huo. Bei hupungua kwa kuwa muuzaji wa kati hayupo. Hata hivyo kazi ya muuzaji huyo, yaani kupima mteja, kufunga baiskeli na kushughulikia dhamana, inabaki mikononi mwa anayeagiza. Kwa hiyo baiskeli yenye unafuu si ile yenye bei ndogo kuliko zote. Ni ile ambayo, baada ya nauli na kodi kulipwa, bado fundi wa hapa anaweza kuihudumia.

Neno "kaboni" peke yake halitoshi

Wauzaji wengi huandika T700, T800 au T1000 kwenye fremu. Hayo ni madaraja ya nyuzi za kaboni yanayotokana na kampuni ya Toray ya Japani. Yanaeleza nyuzi, hayaelezi namna zilivyopangwa ndani ya fremu wala ubora wa gundi, na hayo ndiyo yanayoamua uimara. Muulize muuzaji kama fremu na foki zimepimwa kwa kiwango cha usalama cha ISO 4210. Asiyeweza kujibu swali hilo, mpite.

Usibabaishwe pia na uzito. Chama cha kimataifa cha mchezo huu, UCI, hakiruhusu baiskeli ya chini ya kilo 6.8 katika mashindano yake ya barabarani. Baiskeli ya kaboni ya bei ya kati huwa na kilo 8 hadi 9, na hiyo inatosha kwa wateja wengi.

Tazama gia na magurudumu

Fedha nyingi ya baiskeli iko kwenye seti ya gia na magurudumu. Kwa Shimano, ngazi zilizozoeleka kutoka chini kwenda juu ni Claris, Sora, Tiagra, 105, Ultegra na Dura-Ace. Kwa SRAM ni Apex, Rival, Force na Red. Kwa mnunuzi anayetafuta thamani ya fedha yake, 105 ndiyo hutajwa mara nyingi. Ni imara, na mafundi wengi wanaifahamu.

Angalia kama seti ni kamili. Maduka mengine hutangaza jina la 105 huku mnyororo, breki au kitovu cha pedeli ni vya ngazi ya chini. Soma orodha ya vifaa mstari kwa mstari. Kumbuka pia kuwa 105 ya zamani ina spidi 11 na ya sasa ina spidi 12. Vipuri vyake havichanganyiki ovyo, hivyo ulizia kwanza kipi kinapatikana mjini kwako.

Gia za umeme ni nzuri, lakini zina betri ya lithiamu ambayo lazima itajwe kwenye nyaraka za mizigo ya ndege. Pia zinahitaji chaja yake na programu ya simu. Gia za waya zinasumbua kidogo kuliko hizo, kwenye usafiri na hata kwa fundi.

Fundi wa hapa ataiweza?

Kabla ya kuagiza, angalia mambo manne:

1. Sehemu ya ekseli ya pedeli. Yenye nyuzi za skrubu hufunguliwa kwa urahisi kuliko ile ya kubanwa kwa nguvu, ambayo huhitaji vifaa maalum na huanza kulia ikiingia vumbi.

2. Nyaya. Zikipita zote ndani ya usukani na kichwa cha fremu, kubadili beringi moja kunaweza kuwa kazi ya siku nzima.

3. Nguzo ya kiti. Ya mviringo yenye kipenyo cha milimita 27.2 hupatikana kwa urahisi. Yenye umbo la pekee hupatikana kwa mtengenezaji wake tu.

4. Nafasi ya tairi. Kwa barabara zetu chagua fremu inayopokea tairi za milimita 30 au zaidi.

Breki za diski za haidroliki zina nguvu, ila Shimano hutumia mafuta ya madini na seti za barabarani za SRAM hutumia mafuta ya DOT. Kuyachanganya huharibu mipira ya ndani. Agiza pia mapema "hanga" mbili, kile kipande kidogo kinachoshika derela ya nyuma. Hupinda kwa urahisi, kila fremu ina ya kwake, na ikivunjika baiskeli hulala.

Kipimo

Herufi S, M na L hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Chukua baiskeli ambayo mteja wako tayari anaiendesha vizuri, kisha linganisha vipimo viwili kwenye jedwali la duka: urefu wa kwenda juu na wa kwenda mbele, vyote kutoka kwenye ekseli ya pedeli hadi juu ya kichwa cha fremu. Kurudisha baiskeli Ulaya kwa sababu ya kipimo kunaweza kugharimu kuliko faida yote uliyotarajia.

Bei ya kwenye tovuti na bei ya mlangoni

Bei za maduka ya Ulaya zinazoonekana na mteja wa huko kwa kawaida zina VAT ndani yake: asilimia 19 Ujerumani na asilimia 20 Uingereza. Bidhaa inayosafirishwa nje inaweza kuondolewa kodi hiyo. Baiskeli ya euro 2,380 Ujerumani ni euro 2,000 bila VAT. Usipoiondoa, utalipia kodi juu ya kodi. Tuseme ushuru wa forodha ni asilimia 10 na VAT ya kwetu ni asilimia 18, basi zile euro 380 zinageuka takriban euro 493 mkononi mwako. Si kila duka hukubali kuiondoa, hivyo pata jibu la maandishi kabla ya kulipa.

Halafu kuna nauli. Kampuni za usafirishaji wa haraka hutoza kwa uzito au kwa ujazo, ule ulio mkubwa. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha gawa kwa 5,000. Boksi la sentimita 140 kwa 80 kwa 20 linatoa kilo 44.8, ingawa kwenye mizani ni kama kilo 13 tu. Anayekadiria nauli kwa mizani anakosea zaidi ya mara tatu.

Baiskeli nzima huingia forodhani chini ya kichwa 8712, na fremu au vipuri chini ya 8714. VAT ni asilimia 16 Kenya, na asilimia 18 Tanzania, Uganda na Rwanda. Mwombe wakala wa forodha viwango vya mwaka huu wa fedha pamoja na ada nyingine za nchi unayoingizia. Muulize pia nauli ya ndege inavyohesabiwa katika thamani ya forodha.

Ukiwa na mteja ng'ambo ya mpaka

Baiskeli iliyotengenezwa Asia au Ulaya haiwi bidhaa ya Afrika Mashariki kwa sababu imepita Nairobi. Cheti rahisi cha uasilia, kinachotumika kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya tu. Kama mteja yuko Arusha au Kigali, tamka nchi hiyo kuwa ndiyo mwisho wa safari tangu mwanzo. Vinginevyo unaweza kudaiwa tena Namanga au Rusumo.

Wapo wauzaji wanaojitolea kuandika thamani ndogo kwenye ankara. Kataa. Forodha wanaweza kuikataa bei hiyo na kukutoza faini, na mzigo ukipotea, madai yako kwa msafirishaji au bima yatakwama kwenye bei hiyo hiyo ndogo.

Dhamana na kupokea mzigo

Uliza dhamana ni ya mtengenezaji au ya duka. Oktoba 2023 Wiggle ya Uingereza, moja ya maduka makubwa ya mtandaoni ya baiskeli, iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Ilikuwa pia na chapa zake yenyewe, kama Vitus na Nukeproof. Duka na chapa zikiwa za mwenyewe mmoja, likianguka hilo lote linayumba.

Kwa msafirishaji: boksi lisimame, lisilazwe chini ya mizigo mingine, na kamba isikazwe juu ya bomba la fremu. Kaboni huvumilia mzigo wa mwendeshaji, haivumilii kubanwa ubavuni. Kwa mpokeaji: piga picha boksi kabla ya kulifungua, na kama limetoboka andika hivyo kwenye karatasi ya kupokelea kabla ya kusaini. Kagua ufa kwa tochi. Funga shingo ya usukani na nguzo ya kiti kwa spana ya kupimia nguvu, kufuata namba iliyoandikwa kwenye kifaa, mara nyingi Nm 5. Fremu nyingi huharibiwa na mkono uliokaza kupita kiasi, na dhamana haigusi kosa hilo.

Ukishajumlisha bei bila VAT, nauli ya ujazo, bima, ushuru, kodi na ada ya wakala, linganisha na baiskeli kama hiyo iliyopo dukani Nairobi, Kampala au Dar es Salaam. Tofauti ikiwa ndogo, nunua ya hapa. Itakuwa na mtu wa kumrudia.