Haki ya Kukaa Ugenini: Kutoka kwa Balozi hadi kwa Mpishi Wake

Tarehe 21 Septemba 1833, mjini Muscat, Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, alifunga mkataba wa urafiki na biashara na Marekani. Kifungu cha 9 kiliwaruhusu makonseli wa Marekani kuishi katika bandari kuu za dola yake. Konseli asikamatwe, mali yake isitwaliwe, na watu wa nyumbani mwake wasiguswe. Akivunja sheria, mashitaka yapelekwe kwa Rais wa Marekani, naye amwondoe. Mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, Marekani, aliingia Unguja kuwa konseli wa kwanza. Waingereza na Wafaransa wakafuata katika miaka ya 1840.

Kifungu kile kifupi kimebeba karibu kila kitu tunachokikuta leo nyuma ya kitambulisho cha mwanadiplomasia. Mgeni anakaa kwa heshima ya aliyemtuma. Mwenyeji hamhukumu, ila anaweza kutaka aondoke. Nao walio chini ya dari yake wanakingwa kwa jina lake. Aliyeandika maneno hayo aliwaza mkono wa Sultani. Mkono wa bwana wa nyumba hakuna aliyeuwaza.

Hata haki ya balozi mwenyewe ilichelewa kukomaa. Kwa karne nyingi mjumbe alikuja, akasema neno la mfalme wake, akarudi. Alichohitaji ni usalama wa njiani. Ni miji ya Italia ya karne ya 15 iliyoanza kuweka wajumbe wa kudumu, na mgeni asiyeondoka huzua shaka. Mjini Istanbul, vita vilipozuka, masultani wa Kiosmani waliwahi kuwafungia mabalozi katika ngome ya Yedikule. London nako, mwaka 1708, balozi wa Urusi Andrey Matveyev alishushwa garini na kukamatwa kwa sababu ya madeni. Mfalme wake, Petro Mkuu, alighadhibika, na Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kuwakinga mabalozi pamoja na watumishi wao.

Sheria hiyo ilikuwa na sharti ambalo wanahistoria wengi hulipita haraka. Ili mtu aadhibiwe kwa kumkamata mtumishi wa balozi, jina la mtumishi huyo lilipaswa kuwa limesajiliwa katika ofisi ya waziri na kupelekwa kwa maofisa wa sheria wa jiji. Orodha ile ya wapishi na matarishi naiona kuwa babu wa vitambulisho vyote vinavyotolewa leo na idara za itifaki.

Karne ya 20 ilileta mgeni wa aina nyingine. Shirikisho la Mataifa lilipohamia Geneva mwaka 1920, Uswisi ilipokea maofisa wasiotumwa na serikali yoyote. Ilibidi haki yao ya kukaa itokane na shirika lenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1946 ukaliweka wazi: maofisa, wenzi wao na wanaowategemea wasibanwe na masharti ya uhamiaji wala usajili wa wageni. Kwa msingi wa aina hiyo Nairobi ilipokea shirika la mazingira, UNEP, katika miaka ya 1970, na Arusha ikapokea mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda katika miaka ya 1990.

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, ambao ndio msingi wa diplomasia ya sasa, hauzungumzii kibali cha ukaazi. Kifungu cha 10 kinataka tu wizara ya mambo ya nje ijulishwe nani amefika na nani ameondoka, hata mtumishi wa nyumbani. Nchi mwenyeji ndizo zilizoigeuza taarifa hiyo kuwa kadi.

Kwa balozi kadi hiyo ni ngao. Kwa mwanamke anayepika na kulea watoto nyumbani kwa balozi, mara nyingi imekuwa kamba, maana ajira ikikatika, haki ya kukaa nayo inakatika; na akidhulumiwa mshahara, mdaiwa ana kinga. Jambo hili linatugusa. Mwaka 2008 mahakama ya Washington iliamuru mwanadiplomasia wa Tanzania amlipe aliyekuwa mfanyakazi wake wa ndani, Mtanzania mwenzake, zaidi ya dola milioni moja. Mwaka huohuo sheria ya Marekani iliwaruhusu wafanyakazi wa namna hiyo kubaki nchini wakati kesi zao za madai zikiendelea. Badiliko hilo nalihesabu kuwa kubwa kuliko vifungu vingi vya heshima na itifaki, kwa sababu mtumishi alipata sababu yake mwenyewe ya kukaa.

Juni 2011 Uswisi ilitoa kanuni za watumishi wa nyumba za wanadiplomasia, zikiweka mkataba wa kazi wa maandishi na kima cha chini cha mshahara. Mwezi huohuo, mjini Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189, unaompa mfanyakazi wa ndani haki ya kushika mwenyewe pasipoti na kitambulisho chake. Julai 2022 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kwamba mwanadiplomasia anayemtumikisha mtu katika hali ya utumwa wa kisasa, na kunufaika kwa kazi yake, hawezi kujificha nyuma ya kinga, hata angali kazini.